Minara ya Saa ya Italia na Watu Waliokaa Ndani Yake

Mswahili ambaye angefika Florence au Roma mwaka 1700 asingehitaji kufundishwa kusoma saa ya mjini. Angeambiwa mkutano ni saa moja ya usiku, naye angeelewa papo hapo: jua lizame, ipite saa nzima, watu wakutane. Kwa karne nne na zaidi, kuanzia miaka ya 1300, sehemu kubwa ya Italia ilianza kuhesabu saa pale jua linapozama. Siku mpya iliingia pamoja na giza, kama inavyoingia katika hesabu ya Kiislamu, na kama wazee wa mwambao wanavyosema mpaka leo kwamba usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Walitofautiana nasi kwa jambo moja. Sisi tukifika saa kumi na mbili tunaanza upya. Wao waliendelea mpaka saa ishirini na nne.

Wageni kutoka kaskazini mwa Ulaya walitaabika na hesabu hiyo. Mwandishi Mjerumani Johann Wolfgang von Goethe alipokuwa Verona Septemba 1786 ilimbidi achore mchoro wa kulinganisha saa za Kiitalia na za kwao. Lakini hakuidharau, na kwa hilo namheshimu. Aliona kwamba watu hawa waliishi nje, uwanjani na barabarani, na kwamba kuingia kwa usiku kulikuwa kwao tukio lenye uzito kuliko adhuhuri. Mkulima aliyesikia kengele ya mji ikigonga saa ishirini na mbili alijua kwamba amebakiwa na saa mbili za mwanga. Malango ya mji yalifungwa giza likiingia. Kwa mtu mwenye jembe mkononi na lango la kuwahi, kujua muda uliosalia kuna faida kubwa kuliko kujua muda uliopita tangu usiku wa manane.

Ugumu ulitokana na mahali Italia ilipo. Huku kwetu karibu na ikweta machweo hayahami mbali. Mwaka mzima jua linazama karibu wakati ule ule, ndiyo maana hesabu yetu imedumu bila kumsumbua mtu. Roma, jua la Juni linachelewa kuzama na la Desemba linawahi, na tofauti inakaribia saa tatu. Kwa hiyo adhuhuri haikuwa na namba yake ya kudumu: mwezi Juni iliangukia kama saa kumi na sita na nusu, na ikifika Desemba ilikuwa imepita saa kumi na tisa. Mtambo wa chuma hauwezi kuyajua hayo. Ulihitaji mtu wa kupanda ngazi na kuusogeza mshale ulingane na machweo ya majira yale.

Watalii wanaosimama uwanjani na kamera hawamjui mtu huyo, na mimi naona kwamba bila yeye habari ya minara hii haisimuliki. Saa za mwanzo hazikuwa na pendulamu. Hiyo ilikuja baadaye, baada ya kazi ya Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1656. Ziliendeshwa kwa mawe mazito yaliyoning'inizwa kwa kamba. Mawe yakishuka, magurudumu ya meno yalizunguka. Yakifika chini, lazima mtu ayapandishe tena kwa mikono. Saa ya namna hiyo iliweza kukosea robo saa kwa siku moja, kwa hiyo mtunzaji aliirekebisha kwa kutazama saa ya kivuli cha jua. Alipaka mafuta, alibadilisha kamba, alilala karibu na mtambo. Mji ulimlipa mshahara, kama ulivyomlipa mlinzi wa lango.

Kabla ya mitambo hiyo kengele zilivutwa kwa mikono, na waliozivuta walikisia. Mabadiliko makubwa yalitokea Milan mwaka 1336, katika mnara wa kanisa la San Gottardo lililojengwa na mtawala Azzone Visconti. Mtawa na mwandishi wa tarehe Galvano Fiamma alieleza kwa mshangao saa iliyogonga kengele kulingana na idadi ya saa, mara moja kwa saa ya kwanza, mara mbili kwa ya pili, mpaka mara ishirini na nne. Jambo lililomvutia ni kwamba ilizigawa saa za usiku na za mchana kwa urefu ulio sawa. Zamani saa ya mchana ilirefuka kiangazi na kufupika kipupwe. Sasa kila saa ilikuwa sawa na mwenzake, na kila mkazi wa mji aliisikia, awe na shaba mfukoni au asiwe nayo.

Miaka minane baadaye zamu ikawa ya Padua. Mwaka 1344 tabibu Jacopo Dondi alisimamisha saa kwenye mnara wa jumba la watawala wa mji, ukoo wa Carrara. Watu walivutiwa nayo kiasi kwamba familia yake ikaongezewa jina la dall'Orologio, yaani wa Saa. Mwanawe Giovanni, naye tabibu, alitumia miaka kumi na sita kutengeneza mtambo alioukamilisha mwaka 1364, wenye nyuso saba zilizoonyesha mwendo wa jua, mwezi na sayari tano zilizojulikana wakati ule. Mtambo wenyewe ulipotea, lakini Giovanni aliandika maelezo ya kila gurudumu na kila jino, na mafundi wa karne ya 20 waliufuata mwandiko wake wakautengeneza upya. Mtu aliyetibu wagonjwa mchana akachonga meno ya shaba usiku, kisha akayaandika yote ili mwingine aweze kuyarudia: yeye na baba yake wanastahili kujulikana kuliko wafalme wengi wa zama zao.

Mnara wa Jacopo uliharibiwa vitani mwaka 1390. Ule unaoonekana leo kwenye uwanja wa Piazza dei Signori ulijengwa karne ya 15, na saa yake ilifuata mfano wa ile ya zamani. Ukitazama nyota za buruji zilizozunguka uso wake utazikuta kumi na moja, Mizani haipo. Wenyeji husimulia kwamba fundi hakulipwa haki yake, akaiondoa mizani ili watawala waone aibu kila watakapoinua macho. Wataalamu wa falaki wana maelezo mengine: katika mpangilio wa kale, magando ya Ng'e yalishika nafasi ya Mizani, na mchoraji alifuata mpangilio huo. Nakubaliana na wataalamu. Hata hivyo, watu wa mji wameendelea kukisimulia kisa cha fundi aliyepunjwa, na pengine ni kwa sababu walijua jinsi mafundi walivyolipwa.

Kugonga mpaka ishirini na nne kulikuwa na taabu yake. Jumlisha moja mpaka ishirini na nne utapata mapigo 300 kila siku. Mawe yalishuka haraka, nyundo zilichakaa, na msikilizaji aliyekuwa akizungumza na jirani yake alipoteza hesabu pale kumi na saba. Miji mingi ya Italia ya kati ikapata dawa rahisi: uso wa saa wenye namba sita tu, mshale ukiuzunguka mara nne kwa siku. Mapigo yakapungua kutoka 300 mpaka 84. Aliyesikia mapigo matatu alijua mwenyewe kama ni asubuhi au ni usiku, jua lilimwambia. Saa ya namna hiyo ipo mpaka leo katika ikulu ya Quirinale, Roma, anakokaa rais wa nchi.

Anayetaka kuona saa ya Kiitalia ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa aingie kanisa kuu la Florence, aipe madhabahu mgongo, atazame juu ya mlango mkuu. Uso wa saa ile ulichorwa na Paolo Uccello mwaka 1443. Una namba 24 za Kirumi, na hesabu haianzii juu, inaanzia chini, mshale ukipanda kwa upande wa kulia. Ndiyo kusema unakwenda kinyume na saa zote tulizozizoea. Uccello alikuwa na sababu: kivuli cha saa ya jua iliyochorwa kwenye ukuta unaoelekea kusini, katika nchi za kaskazini mwa dunia, huenda hivyo hivyo. Kuna wakati saa ile ilibadilishwa ifuate mtindo wa kisasa, lakini katika miaka ya 1970 ikarudishwa kwenye hesabu yake ya kwanza. Ukiingia katikati ya Juni saa tano asubuhi utaukuta mshale karibu na kumi na nne, na hutakosea kujua kwamba machweo yako umbali wa saa kumi.

Sasa tushuke mnarani tuje uwanjani, maana mnara bila uwanja ungekuwa mlingoti tu. Siena ndiyo niipendayo kuliko zote. Uwanja wake, Piazza del Campo, umeinama kama kombe la pwani, na matofali yake yamegawanywa kwa mistari katika vipande tisa, kwa heshima ya serikali ya Watu Tisa iliyoutawala mji kuanzia 1287 mpaka 1355. Mvua ikinyesha, maji yote hukimbilia mahali pamoja, mbele ya jumba la serikali. Hapo ndipo uliposimamishwa mnara wa Torre del Mangia, wa zaidi ya mita 85, uliokamilika 1348, mwaka ule ule tauni ilipoingia na kuua sehemu kubwa ya wakazi. Mji uliozika watu kwa maelfu uliendelea kugonga kengele yake.

Jina la mnara huo ni la mgonga kengele wake wa kwanza, Giovanni di Balduccio, ambaye watu walimwita Mla-mapato kwa jinsi alivyotapanya fedha. Saa ya mtambo iliwekwa mwaka 1360, na baadaye sanamu ya kugonga kengele ilishika nafasi ya binadamu, lakini jina la mtu yule halikuondoka. Watawala tisa, waliomwajiri na kumlipa, majina yao yanajulikana na wanahistoria. La Mangia linajulikana na kila mtoto wa Siena. Mbio za farasi za Palio zinapofanyika kwenye uwanja huo tarehe 2 Julai na 16 Agosti, maelfu ya watu husimama chini ya jina lake.

Orvieto pia kuna mgonga kengele, ila huyu ni wa shaba tangu kuzaliwa. Wanamwita Maurizio. Amesimama juu ya mnara mdogo mkabala na kanisa kuu tangu katikati ya karne ya 14, na kazi aliyowekewa ilikuwa kuwapangia muda mafundi waliokuwa wakilijenga kanisa hilo: waanze lini, wapumzike lini, waondoke lini. Yapo maneno ya kusema hapa. Saa ya uwanjani iliwapa watu wa kawaida muda walioweza kuuona wote, ila pia ilimpa mwajiri fimbo. Kibarua aliyekuwa akifanya kazi mpaka mwili uchoke sasa alifanya mpaka kengele. Lakini na yeye akapata hoja: kengele ikigonga, hakuna msimamizi awezaye kumwambia muda bado. Saa iliyo juu ya mnara inaonwa na pande zote mbili za mgogoro, na sioni sababu ya kuilaumu.

Mantua walikwenda mbali zaidi. Mnara wa Piazza delle Erbe, uwanja wa soko la mboga, ulijengwa na Luca Fancelli, na saa yake ikatengenezwa na Bartolomeo Manfredi mwaka 1473. Pamoja na saa ilionyesha nyota, na kwa imani ya wakati ule mtu aliyejua kuisoma alijua siku nzuri ya kutolewa damu na tabibu, ya kukata kitambaa cha nguo, ya kulima, ya kuanza safari. Muuza vitunguu na mnunuzi wake walikuwa na mnajimu wa bure juu ya vichwa vyao. Tunaweza kuicheka elimu ya nyota ya karne ya 15, lakini elimu hiyo kwingineko iliuzwa ghali kwa wakuu, na Mantua iliwekwa sokoni isomwe na yeyote.

Viwanja hivi havikubaki vya biashara na sherehe tu. Brescia, kwenye Piazza della Loggia, kuna mnara wa saa wa karne ya 16 wenye sanamu mbili za kugonga kengele, ambazo wenyeji huziita wendawazimu wa saa. Asubuhi ya tarehe 28 Mei 1974, wafanyakazi walikuwa wamekusanyika uwanjani hapo kupinga ufashisti. Saa 4:12 bomu lililofichwa kwenye pipa la taka chini ya varanda ya upande wa mnara lililipuka. Watu wanane walikufa na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Hukumu ya mwisho dhidi ya waliopanga ilitolewa mwaka 2017, miaka 43 baadaye. Nguzo iliyojeruhiwa na mlipuko imeachwa ilivyo, na kila mwaka tarehe hiyo watu hurudi uwanjani.

Tetemeko la ardhi nalo limeichagua minara. Tarehe 20 Mei 2012, saa 10:03 alfajiri, mji wa Finale Emilia ulitikiswa na mnara wake wa karne ya 13 ukapasuka kutoka juu mpaka chini. Nusu ilianguka, nusu nyingine ikabaki imesimama na nusu ya uso wa saa. Picha yake ilizunguka dunia. Kabla ya siku kwisha tetemeko la pili liliiangusha nusu iliyobaki. Amatrice, tarehe 24 Agosti 2016, ilikuwa kinyume chake. Watu 299 walikufa katika tetemeko lile, mji wa kale ukawa vifusi, na katikati ya vifusi mnara wa saa ulibaki wima, mishale imekwama kwenye saa 9:36 za usiku.

Kati ya minara yote hii, ule wa Venice ndio unaomwonyesha vizuri zaidi mtunzaji wa saa. Ulizinduliwa tarehe 1 Februari 1499 kwenye uwanja wa San Marco, na kwa chini una upinde unaopitisha watu kwenda barabara ya maduka. Uso wake ni wa buluu na dhahabu, wenye saa 24, buruji na sura za mwezi. Juu kabisa wamesimama wanaume wawili wa shaba, mmoja mzee na mwingine kijana. Mzee hugonga dakika mbili kabla ya saa kutimia, kijana dakika mbili baada ya kutimia. Weneti huwaita Wamori, yaani watu weusi, kwa kuwa shaba yao imekuwa nyeusi, ingawa mavazi yao ya ngozi ni ya wachungaji. Siku ya Epifania na wiki ya sikukuu ya Kupaa, milango midogo hufunguka, na malaika mwenye tarumbeta huwaongoza Mamajusi watatu kupita mbele ya Bikira Maria na Mtoto, wakainamisha vichwa.

Waliotengeneza mtambo ule walikuwa Gian Paolo Rainieri na mwanawe Gian Carlo, kutoka Reggio Emilia. Kuna hadithi inayosema kwamba kazi ilipokwisha serikali iliwatoboa macho wasije wakatengeneza nyingine kama hiyo kwingine. Si kweli. Gian Carlo alipewa kazi ya kuitunza, akahamia mnarani pamoja na familia yake. Tangu hapo nyumba ya mtunza saa ilikuwa ndani ya mnara, na watoto walikulia hapo wakisikia magurudumu ukutani usiku kucha. Bartolomeo Ferracina alipotengeneza mtambo mpya katika miaka ya 1750 mtunzaji alikuwepo. Jamhuri ya Venice ilipoangushwa na Napoleon mwaka 1797, na sanamu ya mtawala ikaondolewa kwenye mnara, mtunzaji alikuwepo. Mwaka 1858 zilipoongezwa namba za kuzunguka zinazoonyesha saa na dakika tano tano, zikimulikwa kwa taa za gesi usiku, ni yeye aliyeziwasha. Hesabu ya machweo ilikwisha kuziachia nafasi saa za Kifaransa, zinazoanza usiku wa manane, reli zikafuata saa ya Roma kuanzia 1866, nchi nzima ikajiunga na saa ya Ulaya ya Kati mwaka 1893, na bado mtu alipanda ngazi zile zile kuupa mtambo uhai.

Mtunzaji wa mwisho aliyeishi ndani ya mnara aliondoka mwaka 1998, ukarabati mkubwa ulipoanza. Kazi ilikwisha 2006. Leo unaweza kuingia kwa miadi na kuongozwa kutoka ghorofa hadi ghorofa, lakini hakuna anayelala humo. Ukarabati ulikuwa wa lazima na magurudumu yanang'aa. Hata hivyo naona Venice ilipoteza kitu kwa kuifunga nyumba ile. Maarifa ya saa hayakuwa kwenye karatasi peke yake. Yalikuwa masikioni mwa mtu aliyejua mlio wa gurudumu linaloanza kuchoka.

Kwetu pia kuna mnara wa saa ulioanguka. Ule wa Beit al-Ajaib, Zanzibar, ulibomoka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020. Watakaoujenga upya wasiishie kwenye mawe, chokaa na mtambo. Waweke kwenye bajeti mshahara wa kudumu wa fundi saa, wampe chumba karibu na kazi yake, na wamtafutie kijana wa kujifunza kwake tangu siku ya kwanza.